Hatua Sitini na Moja za Kwenda Kazini

Habari za kifo chake nilizipatia sokoni Daraja Mbili, kwa mama mmoja muuza ndizi ambaye alinitajia bei kwanza na msiba baadaye. Tulikuwa tumefika pagumu katika mapatano, mimi nikisema mkungu ule una chane saba, yeye akisema nane, nami nikizihesabu mara ya pili mbele ya macho yake (zilikuwa saba na nusu, kama kuna kitu kinachoitwa nusu chane), ndipo aliponitazama kwa huruma na kusema, "Wewe bishana tu. Rafiki yako wa Nyaramba anazikwa kesho kutwa." Nikamuuliza rafiki yupi, maana huko ninao kadhaa. "Yule aliyekuwa anakaa nyumbani," akasema. Nikalipa chane nane bila neno, jambo ambalo wauzaji wa upande ule bado wanalizungumza.

Alikuwa anakaa nyumbani. Mtu huyo ndiye aliyeshona gauni alilokuwa amelivaa mama yule. Nililijua kwa pembetatu ndogo ya uzi kwenye kona ya mfuko, iliyopigwa mara mbili ili mfuko using'oke. Hakuna fundi mwingine kutoka Kisii hadi Nyamira aliyejisumbua nayo. Pesa zangu za chane ya nane zilishuka ndani ya mfuko ule ule, zikapita kando ya pembetatu ile ile, na mwenye gauni akaendelea kumsikitikia marehemu kwamba aliondoka duniani bila kuwa na kazi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sipendi kugombana na neno, kwa sababu neno halina mfuko. Lakini hili nitagombana nalo. Sisi Wakisii tuna maneno yetu ya kutosha ya kulima, kupalilia, kukama na kujenga. Tulipotaka jina la kazi yenye heshima tukaona hayo hayatoshi, tukaazima "kazi" ya Waswahili, tukaipinda kidogo, ikawa egasi. Kwa jinsi tunavyolitumia neno hilo vijijini kwetu, ndani yake hamna jembe. Egasi ni kuondoka asubuhi ukiwa umevaa viatu. Mwanamume anayeamka alfajiri, akakama ng'ombe, akachuma pareto, akaimalizia siku katika majani ya chai mpaka vidole vikawa vyeusi, huyo hana egasi, anakaa. Jirani yake anayelinda lango la ghala la mtu mjini na kusinzia mchana kutwa akiwa amekumbatia rungu, huyo yuko egasi, na akija likizo anachinjiwa kuku.

Marehemu naye aliwahi kuchinjiwa kuku. Katika miaka ile ya kwanza ya uhuru, aliyemaliza darasa la nane na kuandika mwandiko wa kulala vizuri hakukosa kiti, naye alipata chake katika ofisi moja mjini Kisii. Siku hizo mimi nilikuwa nikizunguka na majora ya vitambaa, leo Masimba, kesho Nyaramba, na tulikutana kwenye kibanda cha chai. Nikamuuliza karani anafanya nini hasa siku nzima. "Asubuhi naletewa mafaili yenye tarehe ya jana," akasema. "Nayagonga muhuri wa leo. Kesho yanarudi." Nikamuuliza kwa nini yanarudi. Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto. "Kwa sababu yatakuwa ya jana."

Jumapili, baada ya Sabato kupita, alikuwa akishona. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga aliyoinunua kwa fundi Mhindi aliyekuwa akihama, na alikuwa ameona jambo ambalo wenye mafaili hawakuliona: kila mlima ulikuwa unajenga shule, na kila mtoto wa kila shule alikuwa na makalio mawili yaliyohitaji kaptura ya kaki. Mwisho wa mwezi mmoja akarudisha muhuri, akapanda gari, akaenda kwake. Alikuwa na oda ya kaptura mia moja na ishirini, mke, na mtoto aliyekuwa bado hajasimama.

Hapo ndipo mimi ninapoingia, na siingii kwa sifa. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wa ndoa ile. Nilikaa mbele ya baba wa binti nikasema, kwa sauti yangu ya sokoni, kwamba anayekuja kuoa ni karani. Mzee aliyekuwa radhi na ng'ombe wanane aliposikia ukarani akapanda hadi kumi, akasema karani mzima hawezi kutoa mahari ya mkulima. Kwa hiyo neno hilo moja lilitugharimu ng'ombe wawili. Basi mzee aliposikia kwamba mkwewe amerudi nyumbani anashona, akatembea kutoka upande wa Nyamira kwa miguu yake. Hakuingia ndani. Kwetu kuna chinsoni, haya ya wakwe, na mzee wa heshima haingii nyumba ya mkwewe hata mvua ikinyesha mawe. Alisimama uani akamwita binti yake: "Beba mtoto, twende. Mimi nilioza kwa karani. Huyu anayeshinda na wanawake jikoni simjui." Na siku zile binti alikuwa haulizwi, alikuwa anaitwa. Akaenda.

Rafiki yangu akaja kwangu akiwa na uzi umeshika kwenye mkono wa shati. Kule ofisini nafasi yake ilikuwa bado wazi, walimwambia wangemngojea mpaka mwisho wa mwezi uliofuata na si zaidi. Akasema, "Nikirudi kwenye muhuri, mke wangu anarudi. Nisiporudi, nabaki na cherehani. Wewe ndiye uliyeniuza kwa baba mkwe. Nenda ukaseme nao." Nilienda. Nimepatana na Wahindi wa vitambaa, nimepatana na Wajaluo wa samaki waliotoka ziwani, nimepatana na padri juu ya mapazia. Nilijiona ninaweza.

"Mzee, kijana anafanya kazi," nikaanza.

"Wapi?"

"Kwake."

"Anaondoka saa ngapi?"

"Haondoki, mzee. Yuko pale pale."

Mzee akalifikiria hilo kwa uungwana. "Sasa kama haondoki," akasema, "anafikaje kazini?"

Nikajaribu oda za shule, nikajaribu kumhesabia kaptura. Akazisikiliza zote mia moja na ishirini, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sibishani na kaptura. Nikiulizwa kanisani mume wa binti yangu yuko wapi, nitasema wapi? Niseme yuko kwa mke wake?"

Niliposhuka mlima ule nilikuwa nimekwisha kuelewa bei yake. Mzee hakuwa anataka fedha, wala cheo. Alikuwa anataka umbali. Na umbali ni bidhaa kama nyingine. Ukijua mtu anaununua, mkatie. Nikamwambia rafiki yangu ajenge chumba cha mabati kando ya barabara, pale mwisho wa shamba lake, akipachike mlango na kufuli, ahamishie cherehani humo, na kila asubuhi aondoke nyumbani.

"Lakini hilo ni shamba langu hilo hilo," akasema.

"Ndiyo. Ila utakuwa umeondoka."

"Kwa hiyo nitakuwa nadanganya watu."

"Utakuwa unatembea."

Tukapima wote wawili kutoka kizingiti cha nyumba mpaka pale. Hatua sitini na mbili. Nikarudia, nikapata sitini na moja, kwa sababu mara ya pili niliruka mfereji. Tukaandika sitini na moja. Mabati yakapigwa, juu ya mlango akaandika kwa rangi nyeusi OFISI, na Jumatatu yake, saa mbili kamili, akatoka nyumbani kwake na viatu, tai na bahasha yenye karatasi za vipimo. Majirani waliokuwa wamemcheka wiki nzima wakampungia mikono. "Unaenda kazini?" "Naenda." Naapa hakuna aliyetabasamu. Siku ya soko mzee mwenyewe alikuja, akasimama ng'ambo ya barabara kama mtu anayengoja gari, akamwona mkwewe akija, akitoa ufunguo na kufungua kufuli. "Anaondoka," mzee akasema, na uso wake ukalainika kama siagi. Mke na mtoto walirudi kabla ya mwezi kwisha. Cherehani ilikuwa ile ile, kaki ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni kufuli tu.

Baadaye mzee akataka koti. Nyumba hawezi kuiingia, lakini ofisi si nyumba, kwa hiyo aliingia. Sasa ikazuka shida nyingine: mkwe atamzungushiaje mkwewe futi ya kitambaa kiunoni? Nikaitwa mimi. Nilimpima mzee ndani, na fundi akasimama nje, ameugeuzia mlango mgongo, akiandika nilivyokuwa nikimpigia kelele. "Kiuno, arobaini na mbili." Mzee akaninong'oneza, "Punguza sauti." Kisha, "Na hiyo namba nayo punguza." Nikapima tena, ikabaki arobaini na mbili. "Andika arobaini," mzee akaamuru ukuta wa mabati. Fundi aliandika arobaini, akashona arobaini. Koti lile halijawahi kufungwa kifungo hadi leo, na mwenyewe anaamini ndiyo mtindo.

Nilikuwa nikilisimulia jambo hilo la hatua sitini na moja kila nilipokaa na watu, nikajisifu kwamba ndiyo biashara bora niliyowahi kuifanya: nilinunua mke na mtoto kwa mabati sita. Na sisemi kazi ya kujiajiri nyumbani ni asali. Mteja anakukuta na tonge mkononi, anataka suruali yake ya arusi ya jana. Shule inabadilisha rangi ya sare na wewe umejaza kaki. Hakuna wa kukuambia pumzika. Lakini tazameni mbadala tulionao. Miaka imepita, siku hizi watoto wetu wanamaliza kidato cha nne, wanabeba vyeti ndani ya bahasha, wanakwenda Nairobi kukaa sakafuni kwa binamu. Ukimuuliza baba yake kijana anafanya nini, anajibu kwa fahari, "Anatafuta." Kutafuta nako kumekuwa egasi. Amekwenda mbali, amevaa viatu, basi anahesabika. Aliyebaki akipanda miche elfu ya chai anaulizwa, "Na wewe, utaenda lini?" Tunawasomesha watoto ili watuondokee, kisha tunalalamika kwamba nyumbani hakuna kitu.

Nilikwenda mazishini. Mzee wa kanisa akafungua karatasi akasoma wasifu kwa sauti nzuri: alizaliwa, alibatizwa, alisoma. "Marehemu alifanya kazi mjini Kisii kwa miaka mitatu. Baada ya hapo hakufanya kazi tena, alikaa nyumbani mpaka Bwana alipomwita." Watu wakatikisa vichwa kwa majonzi. Kwa kuwa sikuweza kulia, nikahesabu. Kutoka niliposimama niliona pembetatu arobaini na tatu, kwenye mifuko ya makoti, ya magauni, ya kaptura za wajukuu. Nikarudia: arobaini na sita, kwani wengine walikuwa wamegeuka. Kwaya nzima alikuwa ameivisha yeye. Msomaji wa karatasi alikuwa nazo mbili, moja kila upande, na alipomaliza kumsoma mtu ambaye hakufanya kazi akaikunja karatasi akaitia mfukoni, na mfuko haukung'oka.

Baba mkwe wa marehemu alikuwa ameketi mbele, amezeeka, koti wazi. Alinivuta mkono. "Mbona hakutaja ofisi?" akaniuliza. Hakuwa ananitania. Alikuwa ameumia kweli, kama mtu aliyelipia kitu na hakupewa. "Wewe si ulikuwepo? Si alikuwa anaondoka?"

Nikasema alikuwa anaondoka, mzee. Watu wa pwani husema mcheza kwao hutunzwa, na mimi nasema hawajafika Nyaramba. Lakini hasira niliyoondoka nayo pale haikuwa ya mzee wa kanisa. Mtu anayepatana bei kwa miaka yote hii anapaswa kujua kanuni ya kwanza: usikubali kipimo cha mwenzako. Mimi nilikikubali. Mzee alisema kazi ni kuondoka, nami badala ya kukaa pale mpaka giza liingie nikibishana na neno lile, nikamkatia umbali, nikaona nimeshinda. Nilimrudishia rafiki yangu mke, nikawaachia wengine dharau yao nzima bila kuigusa, na kwa miaka yote aliyobakiza duniani fundi bora niliyemjua alivaa tai kuvuka shamba lake mwenyewe. Yeye aliniambia mapema kwamba huko ni kudanganya. Mimi ndiye niliyemcheka.

Wiki mbili baadaye nilipita na kitambaa. Mlango wa OFISI ulikuwa wazi, kufuli halipo, na ndani kuku wawili walikuwa wamejipatia egasi. Mlio wa cherehani ulikuwa unatoka nyumbani, barazani. Mjane alikuwa amekaa, mguu unakanyaga, kaki inapita.

"Shemeji," nikamwambia, "ofisi umeiacha?"

"Hatua zile zilikuwa za baba yangu," akasema bila kuinua kichwa. "Mimi sina mtu wa kumwondokea."

"Watasema unakaa tu nyumbani."

"Nakaa." Akakata uzi kwa meno, akageuza kaptura, akapiga pembetatu ya kwanza, kisha ya pili juu yake. "Na wewe sogea. Unanizibia mwanga."

Nikasogea. Sikumwomba hata apunguze kidogo.