Mtu wa Kofia ya Kijani

Sauti ya ngumi katika mchezo wetu ilikuwa sauti ya mbavu za kondoo. Kaka alishuka na kinasa sauti hadi bucha ya mjomba, chini ya chumba chetu pale Ladypool Road, Birmingham, akakisogeza karibu na gogo la kukatia nyama.

"Tena, mjomba."

"Kuna mteja hapa."

"Moja tu. Ya shingo."

Mjomba akashusha shoka kwenye shingo, mfupa ukapasuka, mteja akarudi nyuma hatua moja. Hiyo ndiyo tuliyoitumia mtu anapovunjwa taya.

Kaka ni mtoto wa mama mkubwa. Alikuwa ameachishwa kazi mara mbili kwa sababu ya mkono mwepesi: mara ya kwanza alimpiga msimamizi, mara ya pili alipiga mlango na mlango ukampiga msimamizi. Mjomba alimpa chumba cha juu na muda mpaka Ramadhani, wakati bucha inapohitaji mikono. Mchezo ukiwa haujauzika, kaka angevaa aproni, na chumba kingejaa majokofu. Kaka aliogopa ile aproni kuliko kitu chochote. Alisema mtu akishaivaa haivui; mjomba mwenyewe alisema ataivaa kwa wiki mbili tu, miaka ishirini iliyopita.

Mchezo ulikuwa wa simu, zile za vibonye. Mtu mmoja mwenye kofia ya sufu ya kijani anasubiri basi. Vijana wanakuja na kumzunguka. Bonyeza tano, anapiga ngumi. Bonyeza nane, anapiga teke. Mtu huyo alikuwa baba yake kaka. Katika ujana wake alipigana ngumi Tanga, na alipofika Birmingham vijana walimvamia kwenye kituo cha basi Northfield wakati akitoka kazini. Hakurusha hata ngumi moja. Walimpiga mpaka wakachoka, wakaenda zao. Yeye akainuka, akaokota kofia, akaja nyumbani kwa miguu na sikio limechanika. Hakulizungumza tena, na alikufa kwa maradhi miaka mingi baadaye. Kwenye mchezo, kaka alimfanya apige.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sikuwa na kazi ila kuuliza. Kaka alitaka kuuza mchezo huo China; kwa nini Mchina anunue ugomvi wa mtu wa Tanga? Kwa nini asinunue ugomvi wa kwao?

"Kupigwa ni kupigwa, mwanafalsafa," kaka alinijibu. "Nani hajawahi kupigwa?"

Tulilenga soko la China kwa sababu kampuni za hapa hazikutujibu, na kwa sababu nilisoma chuoni na kijana wa Changsha, bado mwanafunzi, ambaye binamu yake, huko Shenzhen, alikuwa akiingiza michezo kwenye menyu za simu, ambako watu huinunua na kuipakua. Kijana huyo alikubali kututafsiria maneno. Maneno tu, na humo kofia haikutajwa. Kaka hakumruhusu mtu yeyote kuona picha kabla ya siku yake.

"Ataiba?" nilimuuliza.

"Ataiba, hataiba, sijui. Mpishi hakuonyeshi chungu."

Kuhusu mengine nilihoji mpaka akanirushia kikombe. Kofia sikuihoji. Kwetu kijani ni rangi ya heri, rangi ya msikiti na ya kaburi la mtu mwema. Aliponiambia tuanze kuutangaza mchezo kwenye mwaka mpya wa Wachina mjini, tugawe kofia za kijani bure zenye jina la mchezo, niliona hilo ndilo wazo lake pekee lenye akili.

Siku hiyo ilikuwa na baridi ya kukata midomo. Baruti zilikuwa zikipasuka kila kona na ngoma zikipigwa. Tulipanga kofia kwenye meza. Yule mwanafunzi wa Changsha alikuwa bado kazini mgahawani, angekuja mchana. Watu walisoma jina la mchezo, wakatazama kofia, wakacheka, wakapita. Wengine walirudi na wenzao ili wacheke tena. Kaka akaanza kuuma meno.

"Wanatucheka nini hawa?"

"Labda ni furaha ya sikukuu."

"Furaha gani ya kunyoosheana vidole?"

Akapita kijana mmoja na mchumba wake, na nyuma yao kundi la marafiki. Kaka, kwa tabasamu la muuzaji, akamvika kofia kichwani. Marafiki wakalipuka kwa kicheko, mmoja akamnyooshea yule msichana kidole. Uso wa kijana ukabadilika. Akaivua kofia, akaitupa chini, akaikanyaga.

Kwa kaka, ile ilikuwa kofia ya baba yake. Alipita juu ya meza, si kando yake. Ngumi ya kwanza ilimpata kijana shavuni. Marafiki wakamrukia kaka, nami nikaingia na kupigwa teke la goti ambalo mpaka leo hunisumbua wakati wa baridi. Meza ikavunjika. Mtu alimshika kaka nywele, kaka akamng'ata mkono. Mwanafunzi wetu alitokea kati ya watu huku akipiga kelele kwa Kichina na kwa Kiingereza, akajiweka katikati na kunyoosha mikono. Kaka alikwisha kurusha ngumi, ikampata yeye. Nilisikia pua ikivunjika. Haikufanana na mbavu za kondoo. Ilikuwa sauti ndogo, kama biskuti.

Kwenye hospitali ya Bordesley Green, mwanafunzi alikaa na pamba puani na damu shatini, akatueleza. Kwao, mwanamume anayevikwa kofia ya kijani anaambiwa mke wake analala na mwingine. Hakuna tusi kubwa zaidi. Tulikuwa tumesimama asubuhi nzima tukiwatukana wanaume mbele ya wake zao, bure.

Kaka aliinamisha kichwa. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nionyeshe huo mchezo."

Kaka akampa simu. Mwanafunzi alicheza huku akipumua kwa mdomo. Kisha akaanza kucheka, akaishika pua kwa maumivu, akacheka tena.

"Mna njia mbili," alisema. "Badilisheni rangi, na hakuna atakayeukumbuka kati ya mamia. Au iacheni kijani, mgeuze mchezo. Mchezaji asiwe mwenye kofia. Awe ndiye anayempiga. Kila mwanamume mwenye hasira ofisini atamwona bosi wake chini ya kofia hiyo, na atautaka."

Nikamwambia kwamba yule ni baba wa kaka.

"Sikujua," alisema, akairudisha simu.

Kaka alitazama mikono yake, iliyokuwa imechubuka vidole vyote. "Baba alipigwa, mimi sikupata chochote," alisema. "Safari hii nipate. Wampige."

Aliugeuza mwenyewe. Nilimwona kwenye kiti akijaribu kila pigo, taya, mbavu, goti, huku chini mjomba akikata. Binamu wa Shenzhen aliupokea, na mwezi wa Mei mchezo ukaingia kwenye menyu. Watu walipakua. Mwanafunzi alikuja na habari, pua imepinda kidogo kushoto, na kaka akamkumbatia mpaka akamwinua. Mjomba alisema tutaona, lakini aliacha kuulizia bei za majokofu.

Kisha yakaja malalamiko. Katika hatua ya mwisho, ukishampiga mwenye kofia mpaka skrini ikawa nyekundu, anainuka, anaokota kofia, anatembea na kutoka kwenye picha. Wachezaji walidhani ni kasoro. Tunampiga, hafi, waliandika. Shenzhen wakasema afe, la sivyo mchezo uondolewe.

"Ni mstari mmoja wa programu," mwanafunzi alisema.

"Najua ni mstari mmoja. Niliuandika mimi."

"Basi badilisha, kaka," nikasema. "Umewaruhusu wamvunje taya, wamvunje mbavu. Hapa unaona haya ya nini? Ni vidoti tu kwenye kioo."

"Alipigwa, hilo ni kweli. Akainuka, hilo nalo ni kweli." Akasimama, akanisogezea kiti. "Vidoti tu, siyo? Muue wewe. Mstari huo hapo."

Nilikaa. Nilikuwa na hoja zote: mchezo wake, aproni, pua ya mwenzetu, Ramadhani mlangoni. Nilizipanga vizuri kichwani na zote zilikuwa sahihi. Kishale kilikuwa kikiwakawaka mwishoni mwa mstari. Mwanafunzi alinitazama, kisha akatazama dirishani.

Nikainuka bila kugusa kitu.

Mwanafunzi akapiga simu Shenzhen. Alizungumza kwa muda mrefu, mara mbili akapandisha sauti, na mwisho akaupiga ukuta teke. Jumatatu mchezo haukuwa kwenye menyu. Kaka alishuka ngazi kabla mjomba hajamwita, na mjomba akamfunga kamba za aproni mgongoni.