Firigisi ya Makhanu

Mimi Khalayi nimepalilia miwa huku Kabras tangu usichana wangu, na sijui kunyamaza. Mwaka ule viwanda viligombania miwa mpaka sisi wenye vishamba tukajiona matajiri. Lori likija siku yako na haupo, linapakia ya jirani.

Ndipo utosi wa mtoto wetu Navalayo ukavimba, na jicho la kushoto likaanza kupinda. Hospitalini Eldoret walimpiga picha ya kichwa kwa ile mashine inayonguruma, wakaona uvimbe mdogo kwenye ubongo.

"Mama, mrudishe mwezi ujao tupige nyingine, tuzilinganishe," daktari akaniambia. "Ukiwa umekua, tunapasua mara moja. Usichelewe."

Njiani mtoto akaing'ata ile picha kwenye kona na vijino vyake viwili vipya. Nilicheka.

Tarehe ilipofika nilikuwa kitandani, panga limenikata mguu shambani. Mume wangu Makhanu akasema, "Lala tu, Mama Navalayo. Nitampeleka mimi." Akambeba mtoto, bahasha ya picha kwapani. Jioni akarudi anatabasamu.

"Haujakua hata kidogo. Picha ya zamani wamebaki nayo, hii ndiyo mpya."

Haki ya Mungu, nililia kwa furaha. Nikachechemea mpaka jikoni nikampikia jogoo. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, lakini siku hiyo nilimpa kwa moyo wangu wote. Akaila yote, akaniambia asante.

Wiki zikapita. Asubuhi moja nikaona jicho la mtoto halifuati tena kijiko cha uji. Nikatoa picha, nikaiinua dirishani. Kwenye kona kulikuwa na alama za meno mawili.

"Makhanu! Ulimpeleka wapi mtoto wangu?"

Akaangalia chini. "Lori lilikuja siku hiyo hiyo. Nilimwacha kwa dada yangu kule Malava. Nilimwona anacheza vizuri tu..."

Wacha wewe! Angeniambia ukweli ningetambaa mwenyewe hadi Eldoret. Mtu nimezaa naye, akala firigisi yangu na uongo mdomoni!

Nilimpeleka siku hiyo. Picha mbili zikawekwa kwenye taa, kwenye ile mpya uvimbe ukiwa kama yai. Walimpasua, akapona, ila jicho lile halioni tena.

Siku hizi Navalayo anaendanga shule. Makhanu bado ni mume wangu, namwekea obusuma, ugali wake, kama kawaida. Lakini kuku akipikwa, firigisi naiweka kwenye sahani ya mtoto, upande anaoona, baba yake akitazama.