Paka wa Stoo na Maharage ya Mbegu

Miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, nilikaa Busia na shangazi yangu, muuza nafaka sokoni. Nilikuwa nimeishia darasa la sita, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuota. Nilijiona nina hoteli Tororo, vitambaa vyeupe mezani, na paka wetu amejilaza mlangoni kama mwenye mali.

Paka huyo, jike la rangi ya moshi, tulimfungia stoo kila jioni awinde panya. Shangazi alimwekea sanduku la sabuni lenye majivu, naye akajifunza kukojoa humo. Halafu katika wiki moja, mara mbili, tukakuta kikapu cha maharage ya mbegu kimelowa.

"Huyu ana dharau," shangazi akasema. "Jumamosi anaondoka."

Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa akija mchuuzi wa wimbi kwa baiskeli kutoka Sop Sop. Angemtia paka guniani ili asiione njia ya kurudi. Kwetu paka walihamishwa hivyo.

Nililia.

"We binti," shangazi akanicheka, "mume utamlilia vipi, kama paka tu unamlilia hivi?"

Jumanne nikamwaga majivu ya zamani, nikaweka mapya. Kesho yake, maharage tena! Basi mchana nikajifungia naye stoo, nikakaa kimya juu ya gunia la mtama. Akanusa sanduku, akaenda kikapuni, akaanza kupekua maharage kwa mguu, taratibu, kama anavyopekua sandukuni. Nikamfukuza, nikatia mkono. Ulitoka umejaa majivu.

Mimi ndiye niliyeyachanganya, maharage yasiingiliwe na wadudu, kama kila nyumba ifanyavyo. Ila mimi nilimimina kama mpumbavu. Maskini, paka alikuwa anatutii!

Nikamweleza shangazi. Akauma mdomo asicheke.

"Kwa hiyo mkosaji ni mimi?"

"Sote, shangazi. Hasa mimi."

"Jumamosi ni Jumamosi," akasema, lakini akanipa chungu chenye kifuniko cha kuwekea maharage.

Nikazoa mchanga mtaroni, nikajaza sanduku badala ya majivu, ili aache kuyafuata. Paka akaukataa, akakojoa sakafuni. Nikafuta kabla shangazi hajafika, nikarudi kunyunyiza konzi ya majivu juu ya mchanga. Alhamisi akakojoa humo. Nikapunguza majivu. Ijumaa akakojoa humo tena. Jumamosi asubuhi mchanga ulikuwa mtupu, bila majivu hata chembe, na kona moja imelowa. Nikamwita shangazi aje aone. Alitazama mkojo ule kwa muda mrefu, mikono kiunoni.

Mchuuzi akafika. "Mama, paka iko wapi? Mimi nakwenda na yeye."

"Rudi na gunia lako. Huyu amesoma kukushinda."

"Basi akizaa, nipatie moja."

"Tutaona," shangazi akajibu.

Tutaona! Kwangu mimi walikuwa wamekwisha kuzaliwa, watano, na kila mmoja nimemchagulia sanduku lake.