Wasikilizaji wa Revelian

Imeelezwa rasmi, na kwa kuwa imeelezwa kwenye kipaza sauti haina budi kuheshimiwa, kwamba albamu ya muziki wa ile filamu iliyotengenezwa katika malisho ya huku Nyaishozi ni sanaa ya kiwango cha juu, na kwamba wasikilizaji wa kuielewa bado hawajapatikana katika mazingira yetu. Mgeni rasmi alitamka hayo siku filamu ilipoonyeshwa ukumbini, akapigiwa makofi, akaondoka kabla haijaanza.

Revelian, mfugaji na mzee wa kanisa, alibaki hadi mwisho. Aliona bwana mwenye suti akila saa ya ukutani kwa uma. Aliona kitanda kikipanda kilima peke yake, na juu ya picha hiyo, kama inatoka chini ya ardhi, akasikia sauti yake mwenyewe ikiita: Bihogo! Gaaju! Kwenye albamu wimbo huo umepewa jina la "Maombolezo ya Roho".

Umutesi, binti aliyekuwa akinasa sauti, alikuwa amemuuliza siku ile ya kurekodi, "Mzee, hapo unamlilia nani?"

"Silii, mama. Nawaita ng'ombe kwa majina yao, nawaambia maji tayari."

Binti alimfikishia mwongozaji wa filamu jibu hilo. Mwongozaji, mtu wa ng'ambo mwenye huzuni zake, hakulipenda.

"Pole, mzee," jirani alimnong'oneza Revelian gizani. "Kumbe ulifiwa?"

Revelian angemjibu, ila hakuwa na sauti. Baada ya kurekodi alikutwa na uvimbe kooni, na madaktari walimwambia wazi: wakiutoa, sauti inakwenda nao. Alichagua kuishi, na mkewe Mackrine akaunga mkono hoja. Tangu hapo Jumapili alimshukuru Mungu kwa midomo tu, naye aliamini anasikika.

Ng'ombe hawakuwa na imani hiyo. Kule kilimani mifugo ya watu wengi huchanganyika, na jioni kila kundi hushuka likisikia wimbo wa mwenye kundi. La Revelian halikushuka. Alipiga sufuria, wakaendelea kula. Mackrine alipanda kuwaita, wakamtazama kama anavyotazamwa karani wa sensa. Mara mbili walilala huko huko, na mara ya pili wakamaliza maharage ya watu.

Hapo ndipo Jovitus, mdogo wake Revelian, alipokuja na ushauri.

"Kaka, ng'ombe hawasomi midomo. Nipe niwatunze. Maziwa nitakuletea."

"Kwa kikombe gani, shemeji?" aliuliza Mackrine.

"Kikubwa."

"Nakijua. Ni changu, uliazima Krismasi."

Lakini kikombe si hoja, na Revelian aliyajua hayo. Aliitikia kwa kichwa. Jovitus angewachukua Jumamosi.

Ijumaa mchana Umutesi aliituma albamu kwenye simu ya Mackrine. Mackrine aliiunganisha na spika ya kwaya, akaketi kumenya ndizi. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka kumsikia mumewe. Kwanza ulivuma upepo, kisha kikalia kitu kama mlango wenye majuto. Kisha sauti.

Revelian alikuwa akijaza birika la kunyweshea kwa mara ya mwisho. Alisimama na ndoo mkononi. Juu kilimani pembe ziligeuka, moja, halafu zote. Bihogo alitangulia.

Jovitus, aliyewahi kufika siku moja kabla ili kuwazoea, alisogea na kamba yake kupisha njia.

"Shemeji," alisema, "ongeza sauti, yule wa nyuma hasikii vizuri."

Walikunywa wote kabla wimbo haujaisha. Revelian, midomo ikiyafuata maneno, alishukuru kwa mpangilio: Mungu, madaktari, Mackrine, Umutesi. Mwisho akamshukuru mwongozaji, tena zaidi ya alivyotarajia. Mtu mwenye akili timamu, akijua ni habari ya maji, angeukata wimbo pale ng'ombe wa kwanza alipofika. Yule alishikilia kwamba ni msiba, akaona aibu kukatiza.

Kikombe kimerudishwa, na ng'ombe wamebaki. Albamu husikilizwa kila jioni tangu mwanzo, mlango ukiwemo. Juzi amezaliwa msikilizaji mmoja zaidi, jike, ana baka jeupe usoni.