Kamati ya wamama ilivyoninunulia kompyuta ya gemu kama wanagawana vitu vya harusi

Wakuu, salamu kwenu.

Haya yamenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nikiongeza chumvi, mwanangu agome kunyonya leo.

Niko Toronto, maghorofa ya Dixon huku Kingsview. Nina mtoto mchanga, nina mume anayepakia mizigo kwa shifti, na nina hasira. Huyo mume, Baba Nasri, kasema niziandike huku niache kumwandama yeye.

Kwanza mumjue mdogo wangu Side.

Side yuko Tabata. Bodaboda ilimgonga, mguu ukavunjika, ukawekwa vyuma, kalala. Sisi tumekulia kwenye kibanda cha gemu cha mtaani, mimi msichana peke yangu na nilikuwa nawafunga wote. Anayebisha akamuulize.

Tangu alale, kila anayempigia anasema pole. Pole, pole, Mungu atasaidia, pole. Mwisho akawa hapokei simu. Mimi alikuwa ananipokea ila anajibu "mm" tu. Daktari kamwambia aanze mazoezi ya magongo, hataki. Anageukia ukutani.

Siku moja akanipa sentensi nzima: "Dada, pole nimeshiba. Tafuta mashine tucheze."

Rafiki yake Dula alikuwa kamwachia kompyuta pembeni ya kitanda mpaka chuo kifunguliwe. Chuo kikifunguliwa Dula anabeba kilicho chake, basi. Kwa hiyo sikuwa na muda wa kuchezea.

Laptop yangu ukifungua gemu inanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga halafu inazima. Nikaamua nijenge kompyuta mwenyewe, kipande kipande. Nikasoma, nikaangalia video huku nanyonyesha, nikachagua vipande vinavyopatana.

Hapo ningenyamaza nikanunua polepole, leo nisingekuwa naandika.

Lakini huku tuna kikundi cha wamama, Watanzania, cha kufa na kuzikana. Mtoto akitimiza arobaini anatolewa nje, unafanyiwa sherehe, unatunzwa. Mwenyekiti wetu Mama Lulu akaniuliza nataka nini.

Nikamwambia sitaki pampers, sitaki blanketi, ninayo ya kufungulia duka. Nichangieni kadi ya duka la kompyuta nikanunue vipande vyangu.

"Kadi?" akasema. "Mwanangu, kadi utaichezaje? Mtu anaingia ukumbini anacheza na kadi mkononi, ameenda kwenye ATM?"

Ndiyo wakuu. Zawadi lazima ionekane. Inabebwa kichwani, muziki unapigwa, vigelegele, picha zinatumwa nyumbani. Kadi haibebeki kichwani.

Basi wakaunda kamati na kuigawana kompyuta kama wanavyogawana harusi. Wewe ukumbi, wewe vinywaji, wewe keki. Fulani motherboard, fulani RAM, fulani kadi ya picha, fulani kasha. Majina kamili ya vipande nilituma kwenye grupu. Yakafunikwa na voice note, dua za Ijumaa na picha za maua ya "asubuhi njema". Hakuna aliyesoma. Hakuna!

Kwa asiyejua mambo haya: motherboard ni ubao mkubwa ambao kila kitu kinachomekwa humo. Processor ndiyo ubongo, RAM ndiyo kumbukumbu ya muda, kadi ya picha ndiyo inayotoa picha kwenye skrini. Makampuni makubwa ya ubongo ni mawili, nitayaita Nyekundu na Bluu. Ubao wa Bluu haupokei ubongo wa Nyekundu. Haupokei kabisa, hata usukume, hata usome Yasin.

Siku ya sherehe tuko ukumbi wa chini ya jengo letu. MC kashika maiki anatangaza, "Na sasaaa, inaingia RAM! Ipigieni makofi RAM!"

Wamama wanaingia na maboksi vichwani, viuno vinazunguka. Mmoja kabeba kasha kubwa kama kabati la vyombo, lina taa za rangi zote, limefungwa utepe wa kitenge. Mama Lulu kaingia na motherboard. Nyuma yake Mama Brayan, katibu wetu, nesi, kaingia na processor huku anafutwa jasho na mashoga zake.

Mimi nimekaa kwenye kiti cha mapambo, mtoto mkononi, nacheka meno yote nje. Macho yanasoma maboksi.

Ubao wa Mama Lulu: Bluu.

Processor ya Mama Brayan: Nyekundu.

RAM ya kizazi kipya, ubao wa kizazi cha zamani. Haiingii, pengo lake limekatwa mahali pengine.

Wakuu, nikapiga kigelegele. Ningefanyaje?

Nyumbani Baba Nasri anasema, "Si uzirudishe dukani tu." Wanaume bwana. Zirudishwe bila risiti? Na kumwomba mtu risiti ya zawadi aliyoichezea ngoma mbele ya watu ni kumwambia peupe kwamba umeleta takataka.

Nikampigia Mama Lulu kwa adabu zote. Shikamoo, marahaba, habari za Lulu, halafu nikaeleza.

"Ubao ni ubao, mwanangu," akasema. "Mimi nilipoolewa nilipewa masufuria hayana mifuniko. Nilikula mbichi?"

Nikasema mama, hii siyo sufuria.

"Basi ya Mama Brayan ndiyo haiingii. Ya kwangu muuzaji kasema ni nzuri."

Nikampigia Mama Brayan. "Yangu haina tatizo, my dear. Mwambie mwenyekiti wako abadilishe ubao wake wa bei ya kutupa."

Hapo ndipo nilipotaka kuchanganyikiwa. Kwa sababu WOTE WAWILI WALIKUWA SAHIHI. Ubao mzima. Processor nzima. Hakuna kibovu, ila haviwezi kukaa nyumba moja. Kimoja kitoke, na atakayetoa chake ndiye kashindwa mbele ya kikundi kizima. Hawa wawili wana lao tangu uchaguzi wa uenyekiti.

Nikampigia Side kwa video, nikamwonyesha maboksi kwenye kapeti. Nikataja kimoja kimoja nani kaleta nini na alikatika vipi.

Side akatoka kwenye kamera. Nikajua kageukia ukutani.

Kumbe anacheka. Alicheka mpaka mama akaja mbio chumbani akidhani mguu umeuma.

"Dada," anafuta machozi, "hao wamekuozesha, hawajakununulia kompyuta."

Halafu akapoa. Akasema Dula kapigiwa simu, chuo kinafungua wiki inayofuata.

Basi bwana, adabu ikaniisha. Nikaingia kwenye grupu nikashika maiki ya voice note:

"Wamama zangu nawaheshimu. Mdogo wangu kalala kitandani na anachotaka duniani ni kucheza gemu na dada yake. Nina kasha linawaka kama disko na ndani hamna kitu, kwa sababu watu wazima wawili wanagombea nani kanunua sahihi. Kesho asubuhi naenda dukani na ubao na processor. Mwenye risiti aje nayo. Asiyekuja nitajua zawadi ilikuwa ya picha."

Mvua ya majibu ikaanza kunyesha.

Binti kazidi. Watoto wa siku hizi hawana shukrani. Mmoja akatuma aya. Mama Brayan akajitoa kwenye grupu.

Asubuhi nashuka na kigari cha mtoto, nawakuta wote wawili kituo cha basi, risiti mkononi. Mama Brayan bado na nguo za kazi, katoka shifti. Mama Lulu kajitanda. Kila mmoja kaangalia upande wake.

"Mimi nimekuja kwa ajili ya mgonjwa," anasema Mama Lulu.

"Na mimi sikuja kwa ajili ya mtu mwingine," anasema Mama Brayan.

Tukapanda basi. Mtoto akilia, kila mmoja anataka kumshika kabla ya mwenzie.

Dukani nikamwambia kijana wa kaunta: rudisha vyote viwili. VYOTE. Sitaki kusikia cha nani kimebaki. Nipe ile seti, ubao na processor vinauzwa pamoja kwenye boksi moja, na ubao uwe wa kizazi kipya upokee RAM niliyonayo.

Wakaangaliana kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo hii ni ya nani?" Mama Lulu akauliza.

"Ya wote, mama. Mkitaka mtaicheza pamoja."

Kijana akaniuliza taratibu, "Are they okay?" Nikamwambia they are the committee.

Tukarudi kwangu nikaanza kufunga vipande sebuleni, wao kwenye kochi wananisimamia kama mafundi wakuu. "Taratibu hapo, mwanangu." "Hiyo skrubu umeilegeza." Mmoja hajawahi kufungua hata rimoti.

Nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kapeti likawa kama ukumbi wa harusi.

Skrini nyeusi.

"Si nilisema?" Mama Lulu.

"Ulisema nini? Hukusema kitu!" Mama Brayan.

Nilitaka kulia wakuu. Nikachomoa, nikachomeka, nikachomoa. Baadaye ndiyo naona waya wa skrini nimeuchomeka kwenye ubao badala ya kwenye kadi ya picha. Ujinga wangu huo, na huo hauna kamati.

Nikahamisha. Picha ikaja. Wakapiga vigelegele, jirani wa chini akagonga dari.

Jioni tulicheza na Side. Kwao usiku umeshaenda sana, hataki kulala. Sikusema pole hata mara moja, na yeye hakutaja mguu.

"Dada nyuma yako! NYUMA! Umezubaa nini, Canada wanawalisha nini nyie?"

Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo.

Dula kaja kachukua mashine yake, haki yake. Nikajua tumerudi kwenye "mm".

Juzi naingia kwenye gemu namkuta Side yumo. Nikamwuliza uko wapi? Kwenye kibanda chetu cha gemu, kasema. Umefikaje?

"Na magongo, nitafikaje? Acha maswali, cheza."

Kwa hiyo somo langu ni hili, na silisemi kwa upole. Harusi gawaneni, msiba gawaneni, kompyuta HAIGAWANYWI. Ubao na processor vinunuliwe siku moja, mkono mmoja, halafu ndiyo uangalie RAM. Na mtu akikupa zawadi isiyoingia, mwambie mapema kabla hajaanza kukata kiuno.

Mama Brayan karudi kwenye grupu. Sasa wanagombania nani asimame kulia kwenye picha ya kompyuta.

Wenye uzoefu mje: taa za hili kasha zinazimwaje? Nimebonyeza kila kitu. Mtoto akiziona halali, na mimi kesho nina mechi.