Shali Iliyomaliza Macho

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, Jumatano mchana hatukuwa na shule, kwa hiyo nilimfuata maman, mama yangu, kazini Etterbeek, huku Ubelgiji. Alifanya usafi kwa mwanamke mzee wa Kirusi tuliyemwita Madame. Babu zake walimiliki vijiji huko Urusi, mashamba pamoja na watu walioyalima, na waliweza kuwauza watu hao kama ng'ombe. Madame alisimulia hayo huku akinywa chai, bila haya wala majivuno.

Siku moja maman alikuwa amembeba mgongoni mdogo wangu wa miezi mitatu. Madame akatoa sandukuni shali nyeupe, nyembamba kama utando wa maziwa.

"Wasichana watumwa wa babu yangu waliifuma miaka miwili," akasema. "Ilipokwisha, na macho yao yalikuwa yamekwisha. Ni ya mtoto. Mfunike, nimwone."

Maman akaitazama ile shali. Nilijua anawaza nini. Bibi yetu wa Kolwezi, kwetu tulikotoka, alitufundisha kwamba nguo iliyofumwa kwa machozi ya mtumwa itadai macho ya mtoto wa kwanza kufunikwa nayo. Lakini zawadi ya mkubwa haikataliwi, na karatasi zetu za kuishi Ubelgiji zilitegemea kazi ile. Nikaona mikono yake yote miwili ikinyooka kupokea.

Mimi, niliyeogopa hata kuomba maji katika nyumba ile, nikauliza kwa Kifaransa: "Madame, wewe ulipozaliwa walikufunika nayo?"

"Nyamaza, we mutoto!" maman akanikemea.

Madame akanigeukia.

"Hapana. Mama alikataa. Kwetu hakuna mtoto aliyewahi kufunikwa nayo."

Maman akaikunja shali polepole, akaiweka mezani. "Aksanti, Madame. Basi na wa kwangu, hapana."

Ijumaa Madame akapiga simu: maman asirudi tena. Nilingoja kofi.

"Bon," maman akasema, "kazi tutatafuta ingine. Macho ya mutoto tungetafuta wapi?"

Miezi mingi baada ya hapo, kila barua ya komini, ofisi ya mtaa iliyoshughulikia karatasi zetu, ilifunguliwa kwa hofu.

Leo nami ni mama. Sijui kama uzi unaweza kudai macho ya mtoto, daktari angenicheka. Lakini Madame aliogopa tulichokiogopa sisi, kama mama yake kabla yake. Simhesabu kuwa mtu mbaya. Nadhani alichoka kukaa na kitu kile, akatafuta wa kumpa, na mazoea ya ukoo wake yakamwonyesha mtumishi.