Sindano kwenye Nukta Nyekundu

Mafuta ya nyonyo yakiungua hutoa harufu tamu na nzito, kama karanga zilizosahauliwa jikoni. Kwetu mtaa wa Soweto, Mbeya, mama alikuwa akiyapaka kwenye nywele zake, na mwaka nilipotimiza miaka kumi na mmoja alianza kumgawia mdogo wake, Mjomba Festo, kwa ajili ya injini. Mjomba alikuwa fundi pikipiki. Mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao alimwachia injini mpya ya ndege ya kuchezea, ndogo kama ngumi ya mtoto, pamoja na galoni la spiriti yake. Petroli haikuitaka. Ilikunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na plagi yake ilikuwa na waya mwembamba uliopashwa moto kwa betri. Ikishawaka, betri inaondolewa na injini inajitegemea. Mama alikuwa fundi cherehani, na mabawa ya ndege aliyoichonga mjomba aliyavika bitana iliyobaki kwenye suti ya mteja. Kisha akampigia simu bibi, mama yake, aliyekuwa Chimala, akamwahidi kwamba mavuno yakiisha ataiona ikiruka.

Asubuhi za Juni, baridi ikiwa bado imekaa uani, mjomba aliifunga injini kwenye kipande cha mninga na kulipiga pangaboi lake kwa kijiti ili iwake, kwa kuwa, kama mama alivyomtania, yeye mama alishona nguo tu, vidole hakushona. Injini mpya haikimbizwi. Tangi la kwanza ilipewa mafuta mengi mno, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe na kuturushia mafuta vifuani. Ilipozimika tuliiacha ipoe kabisa, mpaka mtu aweze kuifumbata mkononi, ndipo tukajaza tangi la pili. Mwenda pole hajikwai, na mimi niliyekuwa mtoto wa papara nilijifunza kukaa kwenye ndoo nikingoja chuma kipoe. Kazi yangu ilikuwa sindano, yaani skrubu nyembamba inayopima mafuta yanayoingia. Kila tangi niliifunga kidogo sana, na mlio ukazidi kunyooka. Tangi la nane ililia vizuri, mlio mmoja usiokatika. Mama akatoka na chupa yake ya rangi ya kucha, akaweka nukta nyekundu kwenye kichwa cha sindano na nyingine kwenye mwili wa injini, zikitazamana.

"Hapo hapo," alisema. "Msije mkaniharibia."

Wiki iliyofuata alilazwa kwa kichomi. Siku ya tatu akafariki.

Sikulia. Nilikula wali wa msibani nikaomba nyongeza, na kina mama waliokuwa jikoni wakatazamana. Nilijua napaswa kulia, nikajaribu chooni, haikuja. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini hauna habari. Kitu kimoja tu nilikitaka, kwamba siku ya arobaini ndege iruke mbele ya bibi kama mama alivyoahidi, na sindano iwe palepale alipoiacha.

Njiani kushuka Chimala masikio yaliziba, kisha joto likatupokea. Baada ya sala na chakula tulitoka hadi kwenye shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, bibi akaletewa kiti. Ndege ile ilirushwa kwa nyaya mbili nyembamba: anayeirusha anasimama katikati, nayo inamzunguka. Mjomba aliinama akashika sindano. Fundi yeyote wa Mbeya anajua jambo hili. Kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini hubaniwa mafuta. Ukiishusha huku bondeni Usangu, kwenye hewa nzito, sharti uifungulie, la sivyo inakauka na kuungua.

"Neema, huku niifungue kidogo," alisema.

"Usiiguse, mjomba."

"Itaungua hii."

"Mama kasema hapo hapo."

Alinitazama usoni. Kisha akaondoa mkono.

Iliruka, mjomba akiwa katikati na nyaya mkononi. Ilipita juu ya mabua ikiwa na bitana ya suti, bibi akawa anaifuata kwa kidole. Mlio ulikuwa mkali kuliko wa nyumbani, na nadhani nilikuwa mimi peke yangu niliyeupenda. Mzunguko wa sita mlio ukapanda ukawa yowe, ukakatika, ndege ikajipiga chini. Mjomba alijaribu kulizungusha pangaboi, halikusogea. Injini ilikuwa imenoki, pistoni imenata ndani.

"Alisema itaruka," bibi akasema, "na imeruka." Akaomba ashikwe mkono arudi ndani. Wote waliobaki walinitazama wakingoja. Mimi nilikwenda kuuliza kama wali umebaki.

Siku hizi naishi Iringa, na wanangu wana ndege ya betri. Wanabonyeza kitufe, inapaa, hainuki kitu, na hakuna anayengoja chochote kipoe. Siwalaumu. Mwezi uliopita nilipokwenda Mbeya nilimpelekea mjomba ile injini, ambayo nimehama nayo nyumba nne bila kuisogeza sindano. Aliipasha moto polepole, akaitia mafuta ya nyonyo, akawa anaitikisa pistoni. Nikamtania kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Angeifungua tu siku ile, angekuwa na injini yake.

"Sikuchelea ulie," alisema bila kuinua macho. "Nilikuwa nangoja ulie. Nikasema, labda hii ikifa."

Pistoni ikaachia. Alinikabidhi injini akaniambia niifungue sindano mwenyewe. Niliigeuza robo mzunguko, nukta mbili zikaachana, wala sikuhisi kitu. Nikaomba maji ya kunawa. Mikono ilinuka nywele za mama, na sabuni haikuiondoa harufu ile, nikaendelea kuisugua, nikaendelea, mpaka mjomba akaja kuongeza sauti ya redio na kufunga mlango wa uani, ili majirani wasinisikie.